Paa wa Kapteni

Leo nimeadhirika, jamani. Mchana kweupe! Kaseti hii ikifika huko Unguja isikilizeni chumbani, msiipeleke barazani, nawaomba.

Mdogo wangu Athumani mnamjua, yule mchukuzi wa bandarini hapa Mutsamudu. Wiki hii askari wamemkamata yuko nje usiku, saa za amri ya kutotoka, wakamtia ndani. Mie nikaacha cherehani yangu Moroni, nikapanda ndege mpaka Ouani, nikaenda kumwombea kwa Kapteni. Huyo ni mamluki, Mzungu mwenye shingo nyekundu, bastola mezani. Siku hizi hao ndio wenye nchi. Ukutani katundika pembe za wanyama. Nikaziona, ulimi ukaniponza.

"Hata mie mwindaji, Kapteni. Unguja nimewinda paa mpaka nimechoka."

(Nilikwenda msituni mara moja. Nilibebeshwa nyavu, nikazilalia.)

Macho yakamng'aa. "Nasikia milima hii ina paa, walioachwa na Wazungu wa mashamba wa zamani. Nitafutie. Nikimpata, ndugu yako anatoka. Ukinidanganya, utamfuata humo ndani."

Jana kutwa nimezunguka mlima wa juu ya mtaa wa Hombo, nchi nisiyoijua hata njia ya kushukia. Miiba, mawe, mikarafuu. Mnyama hakuna! Miguu inauma, namfikiria Athumani. Alasiri nikaona vinyesi. Vidogo, vyeusi, vibichi! Na majani yameliwa duara, duara safi, pembeni duara jingine, na jingine. Nikasujudu pale pale.

Leo asubuhi nikampeleka Kapteni. Akayatazama yale majani. "Mbona duara?"

"Ndio paa wa mlimani hao," nikamjibu bila kupepesa. "Hula wakizunguka, ili wamwone adui kila upande."

(Sijui maneno yale niliyatoa wapi.)

Tukalala kifudifudi kwenye viazi vya watu. Tukatambaa. Jasho linaniingia machoni, nathubutu wapi kulifuta! Mbele yetu kichaka kikatikisika. Pembe mbili zikatokeza. Kapteni akainua bunduki, akafumba jicho moja. Mie nasoma kila dua niliyofundishwa chuoni.

Hapo, nyuma ya pembe, nikaona chekundu. Kitambaa. Shiromani, nguo wanayojitanda wanawake wa hapa!

"Usipige! Mtu!"

Nikajirusha juu ya bunduki. Risasi ikaenda juu, majani ya mikarafuu yakatumwagikia vichwani.

Akainuka bibi kizee, mzima, mkononi kashika kigingi. Kwenye kigingi kamba. Mwisho wa kamba, mbuzi! Beberu la kahawia, ndevu mpaka kifuani, linatafuna. Kumbe kila siku bibi humhamishia kigingi, naye mbuzi hula mpaka kamba inapoishia. Ndiyo maduara yangu hayo! (Mie mtoto wa mjini. Mbuzi wetu wakizurura vichochoroni wakila makaratasi, ningejuaje?)

"Watu wazima mnatambaa kwenye viazi vyangu!" bibi akafoka. Akamgeukia Kapteni, ambaye mji mzima humpisha njia. "Na wewe! Mbuzi wa harusi ya mjukuu wangu! Simama, unaviponda!"

Kapteni akasimama. Wallahi kasimama! Kisha akanitazama, taratibu.

"Huyu ndiye paa?"

"Kapteni, kwa mbali..."

"Mmemtisha, hatokula tena huku," bibi akasema. "Mrudisheni nyumbani!"

"Umesikia," Kapteni akaniambia. "Shika kamba."

Nikashika. Nikamshusha beberu mpaka Hombo, bibi ubavuni ananitusi, gari la Kapteni nyuma linakwenda mwendo wa mbuzi. Watu wamejaa milangoni. Hata aibu sikuisikia vizuri, nawaza Athumani tu. Nimemuua mdogo wangu kwa mdomo wangu.

Mlangoni kwa bibi, Kapteni akashuka. Mabega yanamtikisika. Khaa! Anacheka! Anacheka mpaka machozi, anapiga gari makofi.

"Kamchukue ndugu yako," akasema. "Wewe nikikufunga, walinzi wangu hawatafanya kazi."

Nikakimbia mpaka jela. Gari lake likanipita njiani, linaelekea huko huko, sikujali. Nimefika natweta, Athumani huyo anatoka, kakonda, ndevu zimemwota. Nikamkumbatia nikalia kama mtoto. Nyuma yake walinzi wameshikilia ukuta, hoi kwa kucheka. Athumani akanifuta machozi, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Kaka, paa hajambo?"