YAH: Bwawa la Samaki Mlilosema Hamkuliona

Kikundi cha Wafuga Samaki,
Kibaoni, Ifakara.
9 Mei 1998.

Ndugu Mtathmini Mkuu,
Mfuko wa Serikali wa Miradi Endelevu, Morogoro.

Natumaini barua hii inakukuta mzima na miguu yako mikavu. Huku kwetu bondeni maji ndiyo kwanza yanaanza kuaga. Mimi ni Hermenegildi, mwenyekiti wa kikundi. Nimeishia darasa la nne, lakini lile la mkoloni, ambalo kwa vipimo vya leo halipungui chuo kikuu. Ndiyo maana naandika mwenyewe, katibu nimempumzisha.

Taarifa ya kijana wako Maximilian imetufikia. Anasema bwawa halikuonekana, samaki hawakuonekana, kwa hiyo mradi si endelevu na awamu ya pili iende Kisawasawa, kwa kikundi cha Bibi Katarina. Kwa ajili hiyo wenzangu, walioshika majembe kiangazi kizima, wanataka kuning'oa uenyekiti, na anayewaongoza ni mke wangu Serafina. Naomba tathmini irudiwe, kwa sababu hizi:

1. Bwawa lipo. Kijana alikuja wiki moja baada ya Pasaka, mbuga yote ikiwa maji matupu. Nilimpeleka kwa mtumbwi mimi mwenyewe, nikisukuma pondo kwa mkono mmoja, maana wa pili nilikuwa nimemshikia mwavuli. Akaniuliza, "Sasa mzee, bwawa liko wapi?" Nikamjibu, "Uko juu yake." Badala ya kuchungulia, akashika kingo za mtumbwi, akafumba macho, akaanza kusali. Mtu aliyefumba macho ataonaje bwawa?

2. Tunalaumiwa kwamba hatukuvua mapema. Ni kweli afisa uvuvi alitushauri tuvue mwezi wa pili, kabla ya masika. Nilikataa, na kesho ningekataa tena. Afisa yule si Mkatoliki. Hapa Ifakara, Ijumaa za Kwaresima hakuna anayegusa nyama, na Ijumaa Kuu hata mlevi wa kudumu anatafuta samaki. Nani atavua samaki wa kiganja mwezi wa pili, wakati parokia nzima inamngoja Ijumaa Kuu? Perege wetu walishafika ukubwa wa sinia. Kuna mmoja alikuwa akijigeuza tu, mbwa wa ng'ambo wanabweka. Kwamba mto nao ulikuja Alhamisi Kuu usiku, hilo ulalamikiwe mto.

3. Imeandikwa kwamba samaki "wamepotea". Hawakupotea, wamesambazwa. Katika maombi yetu tuliahidi kunufaisha kaya ishirini. Sasa samaki wamo katika mto Kilombero wote, na mto huu, kama jiografia haijabadilishwa, unaingia Rufiji. Kila anayetupa wavu kutoka hapa mpaka baharini ni mnufaika wetu. Ni mradi gani mwingine wa Mfuko uliofika pwani bila kukodi hata gari?

4. Kijana anadai perege walikuwamo mtoni tangu zamani. Alikuwapo?

5. Fomu yenu inauliza mradi umesaidiaje mazingira. Umeyalisha. Furukombe, wale tai wala samaki wa bonde hili, sasa hivi wananenepa mpaka kuruka ni kazi. Mamba naye akishiba perege wetu, anamwacha mama anayechota maji aende zake salama, kwa hiyo pale penye afya ya mama na mtoto naomba pia mtupe alama.

6. Sasa tumtazame Bibi Katarina. Mabwawa yake yako mlimani, mto haujawahi kuyatembelea, na kila samaki anajulikana alipo. Hayo si maendeleo, ni mahabusu. Samaki wake hawajafika hata kijiji cha pili. Kwa haki kabisa, awamu ya pili ije kwetu, na ya tatu pia, na Bibi Katarina aletwe kwangu kwa mafunzo. Nitampokea bila kinyongo.

Naomba jibu kabla ya Jumapili ijayo, maana kikundi kinakutana baada ya misa na Serafina ameshaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Nisalimie wote hapo ofisini, mhasibu, mpiga chapa na dereva, pamoja na familia zao. Maximilian mwambie hatuna ugomvi naye, na kiatu chake kimoja tumekiona.

Wako katika maendeleo yasiyozuilika,
Hermenegildi,
Mwenyekiti (mpaka Jumapili).

N.B. Ukija mwenyewe kurudia tathmini, utafikia kwetu. Mchele upo wa kutosha, shida ni kitoweo. Tangu mafuriko hakuna hata mmoja wetu aliyepata samaki mtoni, na mimi nimetupa wavu mpaka umechanika. Kwa kuwa Kisawasawa iko njiani kwako, tafadhali simama kwa Bibi Katarina, anavua kila Jumamosi. Chukua wakubwa, na usimwambie ni wa nani.