Nyota Yenye Mkia na Mguu wa Njano

Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi, lifunge. Kama umeshindwa, soma kimya kimya na usimwambie mtu hata neno moja, hasa mtu wa ofisi ya upimaji ardhi pale Themi. Mimi ni karani wao. Bado niko kwenye majaribio.

Frederick, mchora ramani wetu, ameandika kwenye grupu la ofisi kwamba nyota yenye mkia imeanza kuonekana magharibi, chini kabisa, jua likishazama. Ataipiga picha kwa simu, akiwa ghorofani kwake Sakina, huku anakunywa chai. Kwa simu! Nikajibu kwamba picha ya kweli inataka kamera, mguu imara na giza. Akauliza karani atavitoa wapi. Watu wanane wakacheka.

Funguo za stoo ninazo mimi.

Bosi wetu, Madam Tekla, yuko Machame kwenye kipaimara cha mpwa wake hadi Jumanne. Barua yangu ya kuthibitishwa kazini iko mezani kwake. Niliichapa mwenyewe. Ina kila kitu isipokuwa saini.

Nimechukua kamera ya kupigia picha bikoni, yaani yale mawe ya mipaka, pamoja na mguu wa njano ambao wapimaji husimamishia mashine yao. Kanuni ya stoo: hakitoki kitu bila kuandikwa. Mimi si mwizi. Nimeandika kifaa, jina, sababu. Kwa penseli. Nitafuta nikirudi.

Jumapili, 13 Oktoba

Ibada ya kwanza. Nimetubu mapema kuokoa muda.

Mjini taa ni nyingi mno. Giza safi liko kwa shangazi Naserian, karibu na Momela, nje kidogo ya geti la hifadhi. Nimefika kwa bodaboda, mguu begani. Shangazi akauliza kama hicho cha njano ni cha kuanikia nyama.

Nikausimamisha shambani kwake, kamera juu, nimeifunga kwa mpira wa tairi. Jua likazama. Picha thelathini kuelekea magharibi, sekunde kumi na tano kila moja. Nyeusi! Zote nyeusi! Hatimaye nikainua macho kutoka kwenye kamera.

Mlima Meru. Magharibi yote ni mlima.

Nijitetee. Nimezaliwa Sakina. Kwetu mlima uko kaskazini. Umekuwa kaskazini tangu darasa la kwanza, na nilipewa vema kwa kusema hivyo. Sikufikiri kwamba ukienda upande wa pili nao unahama. Na ofisini nakaa chini ya ramani ya mkoa!

Kabla sijamaliza kujitukana, tochi tatu. Kisha kumi. Kijana mgeni, mguu wa njano, karibu na mpaka wa hifadhi! Mama mmoja akataka kujua ni nani amewauza safari hii. Nikasema napiga picha nyota. Akasema hata yule wa mwaka juzi alidai anahesabu ndege, na kesho yake wakakuta bikoni kwenye mahindi. Shangazi akasimama mbele yangu akawaambia waniache, huyu ni mtoto wa kaka yake, ni karani tu. Karani wa wapi? Shangazi, kwa fahari kubwa: wa ofisi ya kupima ardhi.

Ee Mungu wangu.

Mguu na kamera vimekamatwa. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Koikai, ataamua kesho. Wapimaji wanautaka mguu Jumanne saa mbili asubuhi. Sitalala.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu. Ofisi ya kijiji imefungwa. Nimekaa kwenye benchi la nje tangu saa moja.

Saa tatu Frederick akatuma picha ya jana jioni: paa la bati, waya wa umeme, na juu yake nyota yenye mkia, nzuri kiasi cha kuudhi. Ameandika: vipi karani, huko gizani kwema?

Saa sita Mzee Koikai akafika akitoka kwa ng'ombe wake, na wazee watatu nyuma. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, mpimaji. Nikahisi barua yangu ikichanika.

Akataka kuona nilichopiga. Wakainamia kamera. Ashukuriwe Mungu, niliweka memori kadi yangu mpya; ile ya ofisi ina bikoni mia mbili. Picha ya kwanza, giza. Ya pili, giza. Ya thelathini, giza. Akauliza nyota iko wapi. Nikasema nyuma ya mlima. Wakatazamana. Akauliza, kwa upole, kama nilipofika mlima ulikuwa umeshafika. Nikasema ndiyo, mzee.

Walicheka hadi mmoja akashika ukuta. Kisha uamuzi: mtu asiyeuona Mlima Meru hawezi kupima shamba la mtu. Apewe vitu vyake na maziwa.

Sijawahi kudharauliwa nikafurahi hivi. Nimekunywa kibuyu kizima.

Jumanne, 15 Oktoba

Saa moja na nusu mguu uko stoo, hauna tope. Saa mbili wapimaji wameondoka nao. Nimepona!

Saa tatu Madam akaniita. Mezani: barua yangu, na daftari la stoo. Limefunguliwa.

Sikufuta! Raba ilikuwa mfukoni siku tatu!

Akasoma kwa sauti: kamera moja, mguu mmoja, Eliya, kupiga picha nyota. Akasema wanaume wa ofisi hii wametoa vifaa miaka sita bila kuandika hata herufi. Mimi ndiye wa kwanza. Akasaini. Akaongeza kwamba nikirudia ataichana mbele yangu.

Nimetoka nikakaa kwenye ngazi, nikahema kama aliyeshuka kutoka kileleni. Nimethibitishwa! Sitagusa tena kitu cha stoo.

Jumatano, 16 Oktoba

Nyota inapanda kila jioni, na inafifia. Frederick ameiweka picha yake kwenye kioo cha kompyuta, imegeuziwa kwangu makusudi.

Nimekagua ramani mara tatu. Kisongo: magharibi peupe, mlima uko mbali. Na kuna shamba moja zuri sana, jalada lake nalitunza mimi. Ndugu wawili wanagombea mpaka, mwaka wa nne mahakamani. Hakuna anayethubutu kulima wala kuwasha taa. Giza tupu! Mguu umerudi stoo saa tisa. Safari hii nitavaa na kizibao cha wapimaji kinachong'aa, ili watu wanitambue kwa mbali na wasiwe na wasiwasi.

Nimeandika kwenye daftari la stoo. Kwa penseli.

Ukitaka kunirudishia daftari hili, usije Themi wala usipige simu ya ofisi. Nenda Sakina, nyumba ya nyuma ya gereji, geti la bluu, mwulize mama kama Eliya amerudi. Akisema bado, panda gari la Kisongo, ulizia ofisi ya kijiji. Mimi ni yule wa kwenye benchi la nje.