Bawa la Mjozi na Ndala Iliyopotea

Jumatatu, 3 Juni
Mimi ndiye fundi bora kuliko wote walio hai, na waliokufa wana bahati hatukukutana. Shule niliacha mwenyewe, walimu walikuwa wameishiwa. Leo Mjomba, mwenye karakana, katupa kazi mimi na mwanawe: mlango wa daktari wa meno, mabawa mawili, mbao za mjozi. Kila mtu bawa lake. Atakayeshinda ataenda kuufunga kwa daktari na ataitwa fundi. Mwingine atabaki na msasa. Binamu tunamwita Rula. Hata chai anaipima!

Jumamosi, 8 Juni
Mabawa tayari. Mjomba kasema mjozi haupakwi rangi. Kahawia yake inatoka moyoni mwa mti, na kila ubao una mistari yake. Mafuta tu, basi. Kasema pia kitu kuhusu jua. Sikusikia, nilikuwa namcheka Rula. Daktari anataka mlango uliokolea kahawia. Mimi jua limenipiga tangu utotoni, nikakolea. Hesabu rahisi! Nimelipandisha bawa langu juu ya paa la zege la stoo. Mjomba nimemwambia liko stoo. Si uongo. Liko stoo, upande wa juu.

Jumapili, 9 Juni
Ndala ya kushoto haionekani. Ile yenye tundu la kidole gumba. Rula kaiba! Nimemwambia mbele ya watu. Kajibu kwamba ndala ile hata mbwa huiruka. Wivu.

Jumapili, 23 Juni
Nimepanda juu. Ndala hii hapa! Ilinivuka siku ile ya kupandisha, ikabaki juu ya bawa siku zote. Rula sitamwambia. Lakini bawa lenyewe... limepauka kama biskuti. Mbao zote ninazozijua hukolea juani, mjozi ndio unapauka! La Rula, chini ya turubai, kahawa tupu. Nimefuta majina yetu ya chaki mgongoni mwa mabawa, nikayabadilisha. Akili hiyo!

Jumatatu, 24 Juni
Daktari kafika. Kauliza nani kakanyaga mlango wake. Katikati ya weupe, alama ya ndala, kahawia safi, na kidoa cheupe penye tundu. Mjomba akasema, mpwa wangu, hebu vua ya kushoto. Akaiweka juu ya alama. Ikakaa sawasawa. Rula akatoa rula, akapima.

Jumanne, 25 Juni
Rula kaenda kwa daktari kupima fremu. Anaitwa fundi. Mimi na msasa. Weupe ni wa juu juu tu, chini kahawia ni ileile. Basi nimepata wazo: nikate kadibodi sura ya simba, niilaze juu ya mlango, niuache juani. Picha bila rangi! Nitaanza na bawa la Rula, kesho, akienda kula.

Moja tu nalikiri humu. Wakati nasugua, Mjomba kanisimamia, kaniambia ile siku ya mafuta alikwisha kuchagua. Alichagua langu, akaliacha la mwanawe. Nilikuwa nimeshashinda kabla sijapanda ngazi.