Siku Nilipofagia Watu Mtaani

Jumatatu, 4 Machi
Nimeamka na wazo. Sinema yetu ya zamani imefungwa miaka mingi, watazamaji ni popo. Nyumba za jirani zimebaki tupu, vijana wanahamia Bogotá, na mtaa wetu hapa Barranquilla unazeeka pamoja nami. Manispaa inasema kampuni ya mjini itakayowekeza kwenye mitaa mikongwe itapunguziwa kodi. Nani wa kuzileta kampuni hizo kama si Evaristo Pupo, mwenyekiti wa kamati ya mtaa? (Kamati ni mimi. Wengine wataarifiwa.)

Jumanne, 5 Machi
Nimefika kwa Bi Yadira Consuegra, mwenye kiwanda cha aiskrimu. Nikamwambia sinema ile inafaa kuwa kiwanda kidogo, duka mbele, watu wetu wapate kazi. Hakucheka, hakukataa. Atakuja Ijumaa kutazama. Nimerudi kwa miguu bila kuhisi jua.

Jumatano, 6 Machi
Nimepita mlango kwa mlango. Nguo zisianikwe nje. Meza za domino ziingizwe ndani. Redio zizimwe. Mgeni auone mtaa wa kisasa. Kikwazo ni Bi Nubia Cantillo, anayekaanga arepa za mayai, vile vimkate vya unga wa mahindi, pale konani. Nimemwomba kwa upole apumzike siku moja, moshi hauwapendezi wawekezaji. Akaniuliza kama naye ni takataka. Nikamjibu la, ni suala la mandhari tu. Jibu halikumridhisha. Amekubali kwa ajili ya binti yake Maritza, asiye na kazi. Hilo limenichoma kidogo. Nalala mapema lisije likazidi.

Ijumaa, 8 Machi
Balaa. Barabara iling'aa, hata mbwa hakuna. Bi Yadira akatembea hadi sinema na kurudi, viatu vyake vikisikika mtaa mzima.

"Bwana Evaristo," akasema, "hapa anaishi nani?"

Nikamwambia watu tele, ila ni wastaarabu.

"Sasa aiskrimu nitaziuzia kuta?"

Akaingia garini. Nilitaka kumwambia kwamba wote wako nyuma ya mapazia, kwa amri yangu. Gari likaondoka kabla sijaanza. Nimekaa peke yangu kwenye ngazi za sinema, na barabara ile ikanitisha hata mimi. Vijana wakiendelea kuhama, hivi ndivyo tutakavyokuwa kila siku.

Jumapili, 10 Machi
Bi Nubia hata hakuniaga. Jana alikwenda kiwandani na kikapu cha arepa, akamweleza Bi Yadira kila kitu. Leo mgeni amerudi. Domino zinagonga meza, nguo zinapepea, redio zinabishana. Amekula arepa amesimama, mafuta yakimtiririka hadi kiwiko, huku Maritza akimwonyesha sinema. Wamekaa humo muda mrefu. Alipotoka akasema ataikarabati, na watu wa mtaa ndio watakaoajiriwa kwanza. Wazee wengine walilia. Mimi niliingiwa na vumbi machoni.

Bi Nubia akaniwekea arepa mkononi.

"Kula, mwenyekiti. Leo mandhari imekaaje?"

Jumanne, 12 Machi
Nimetafakari sana. Somo nimelielewa: wawekezaji wanapenda watu. Ijumaa anakuja meneja wa kiwanda cha rangi. Tatizo, watu wetu wanavaa kandambili na kubishana ovyo. Nimeshapatana na binamu yangu wa kaskazini mwa jiji atuletee basi zima la watu nadhifu, wakae vibarazani wakitabasamu. Wa kwetu watajibanza ndani asubuhi moja tu. Bi Nubia sijamwambia. Nitamwachia Maritza amwambie.