Sikukuu ya Warumi Nyumbani kwa Madam

Jumatatu, 10 Novemba. Al-Safa, Jeddah.
Nimechoka. Miguu imevimba. Madam anaandika utafiti kuhusu watumishi wa majumbani katika Roma ya kale, atausoma Riyadh wiki ijayo. Vitabu mpaka bafuni, na wa kuvipangusa vumbi ni mimi! Mdogo wangu Sellah, niliyemlea mwenyewe, anaolewa Bungoma tarehe 20 Desemba. Nataka likizo. Silas, dereva wetu, anasema nimwombe tu madam. Kuomba tu? Mtu wa kidato cha nne kama mimi? Nimesoma kitabuni kwamba Desemba Warumi walikuwa na sikukuu: kazi zinasimama, mabwana wanawahudumia watumwa mezani. Mimi si mtumwa, nina mkataba, lakini ujumbe ni uleule. Nimekiacha kitabu wazi hapo, kando ya kahawa yake.

Jumatano, 12 Novemba.
Madam amesoma! Kafurahi mno. Eti Ijumaa tutaifanyia majaribio sikukuu hiyo hapa nyumbani, kwa ajili ya utafiti. Tiketi hakutaja. Nangoja.

Ijumaa, 14 Novemba.
Balaa! Nimekalishwa mahali pa baba, mume wa madam, nimefungwa shuka begani kama Mrumi. Baba kanipakulia kabsa, wali wao wa nyama, aliyopika mwenyewe, imeungua. Watoto wamemwaga maziwa ya laban kwenye zulia. Madam anaandika tu. Halafu kaniuliza, kalamu mkononi, mimi Nekesa nataka nini hasa.

Nikafikiri haraka. Nikajibu kwamba mtumishi hutaka heshima, basi. Nilitegemea angeng'amua mengine mwenyewe. Akaandika, akapigia mstari. Kisha akasema halas, sikukuu imekwisha. Nimeosha sufuria kumi na nne na zulia moja.

Alhamisi, 20 Novemba. Riyadh, hotelini.
Nimeletwa kuangalia watoto. Madam kapigiwa makofi ukumbi mzima. Picha yangu na lile shuka ilikuwa ukutani, kubwa kama mlango. Profesa mmoja kaniuliza nilijisikiaje kuhudumiwa. Nikasema vizuri sana. Mjinga mimi!

Baadaye Silas kanipa habari: kapewa likizo Desemba yote. Aliomba garini, sentensi moja, kabla hata hatujatoka Jeddah. Mimi nibaki. Madam anasema Nekesa hana haja ya kusafiri, anachotaka ni heshima. Tena sikukuu itarudiwa, na wageni thelathini. Tarehe 20 Desemba.

Jumamosi, 22 Novemba. Jeddah.
Sellah kapiga simu akilia. Mama hayupo tena, nisipokuja mimi nani atamsindikiza kanisani? Nimelia naye jikoni, maji ya bomba yakiwa wazi ili watoto wasisikie. Inaniuma sana.

Silas kachungulia, kasema madam yuko sebuleni peke yake, anakunywa chai, niende nimwambie sasa hivi. Maskini Silas, hajasoma. Sura ya tisa ya kile kitabu inasema mabwana wengine waliwaachia watumwa wao huru kupitia wasia, wakishakufa. Madam ana miaka arobaini na moja na hukimbia kilomita tano kila asubuhi. Hata hivyo nimekifungua kitabu kwenye ukurasa huo, nikakiweka juu ya mto wake.