Ufunguo wa Maji ya Moto

Jumamosi, 25 Kartik

Baridi kali. Mkosi mkali zaidi! Meja mpya analitaka bafu langu. Ndilo pekee kambini lenye maji ya moto, na ufunguo wake nimeuvaa shingoni tangu nipate usajini. Ati wale askari wanawake sita walioletwa kwetu wanaoga kwa ndoo nyuma ya banda la mbuzi, hawana pa kujistiri. Nikamwambia maji ya moto yameharibika. Akagusa bomba. Akaungua. Uamuzi Alhamisi, baada ya sikukuu.

Jumatatu, 27 Kartik

Nilipendekeza mashindano: atakayetangulia kupandisha gunia la mchele kutoka mtoni, bafu lake. Kiongozi wao, Koplo Nirjala, mzaliwa wa milima ya Rolpa, akapitisha mkanda wa gunia kwenye paji la uso, akapanda huku anaimba. Mimi nililetwa kwa machela. Bahati nzuri Meja alisema bafu haligawiwi kwa magunia.

Nikiwa kwenye machela, wazo! Jumatano ni Bhai Tika, siku ya dada kuwapaka kaka zao rangi na kuwaombea heri. Mimi sina dada. Nikamwomba Nirjala anifanye kaka yake. Dada gani atamnyang'anya kaka bafu? Amekubali upesi sana. Mpishi Harke amenong'ona kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Wivu tu.

Jumatano, 29 Kartik

Niliketi mbele ya kambi nzima. Nirjala akanizungushia mafuta ya kinga, akapasua kokwa ya jozi mlangoni kufukuza mikosi, akanipaka rangi saba, akanivika maua. Nusura nilie, kweli. Nikatoa shali, maana kaka hapokei baraka mikono mitupu. Akairudisha taratibu.

"Kaka yangu, shali ninayo. Mimi na wenzangu tunaoga na mbuzi. Nipe huo ufunguo."

Kumnyima dada siku kama hii! Mama angesikia angenikana.

"Mpe dada yako, afande, usitutie aibu!" Harke huyo.

Nikauvua. Meja akapiga picha.

Alhamisi, 30 Kartik

Nimeoga nyuma ya banda. Mbuzi amekula sabuni. Meno yakigongana, nikajiuliza hawa wasichana wamevumiliaje. Nilijiuliza kidogo tu, maana limekuja wazo jingine! Siku ya Teej wanawake hufunga, hawali wala hawanywi hata tone. Siku hiyo turudie magunia, mshindi achukue ufunguo. Nirjala ameafiki, mradi kaka yake afunge pamoja naye.

Nimekubali papo hapo, kabla hajabadili mawazo.