Pete ya Domitila

Ujiji, Jumatatu, 3 Machi 1997
Domitila kavaa bangili ya shaba. Zawadi ya Nassib! Mimi tangu tuvuke ziwa kutoka Uvira sijamsalimia binti huyo hata mara moja. Nitampa pete ya fedha. Fundi redio Pastory kanitupia swichi za redio-koli ya boti iliyokufa. Anasema vibati vya ndani vimepakwa fedha. Asidi nimeiomba kwa sonara. Kemia naijua, niliisoma kwa Kifaransa. Ukurasa wa maonyo tu sikuufikia. Vita ilifika kwanza.

Jumanne, 4 Machi
Nimeyeyusha vibati uani. Moshi wa kahawia! Kuku walihama. Nikatia chumvi, ikaganda nyeupe kama mtindi. Fedha! Lakini kidogo, pete ya sisimizi. Redio ya shangazi Leonia ina swichi nene ya zamani. Nimechomoa vibati viwili, vikaenda kwenye asidi. Vimebaki viwili, vinatosha.

Jumatano, 5 Machi
Havitoshi. Saa kumi na mbili jioni redioni husomwa majina ya wanaotafutana, na shangazi humsubiri Baba, tuliyepoteana naye vitani, kila siku. Redio bubu. Kaipakata kama mtoto mgonjwa. Nikasema labda betri. Vidole vyangu vimekuwa vyeusi tangu jua la mchana. Sabuni, mchanga, ndimu, wapi! Nikasema ni wino.

Alhamisi, 6 Machi
Jirani yetu Mama Angelina kaja mbio. Jana limesomwa jina la Baba, Elikana wa Uvira, anamtafuta dada yake. Yuko wapi? Hapo mtoto wake alilia, naye hakusikia. Majina hurudiwa baada ya siku mbili. Pastory kaifungua redio yetu, kisha katazama mikono yangu.
“Wino hauli kucha hivyo, bwana mdogo. Hiyo ni fedha.”
Shangazi hakupiga kelele.
“Mwanangu, umemyeyusha baba yako.”

Ijumaa, 7 Machi
Kwa Mama Angelina. Majina kumi na tisa, Baba hayumo. Nikamwapia Mungu kwa Kiswahili na Kifaransa: asidi, basi tena. La ishirini: Elikana. Yuko Kagunga, mzima! Shangazi kalia, kaishika mikono yangu hii hii myeusi.

Jumamosi, 8 Machi
Shangazi kapanda boti ya Kagunga. Domitila kaniuliza mikono ina nini. Kaniongelesha! Nikakimbia.
Mama Angelina kaenda sokoni, kaniomba nimlindie redio. Bado anasubiri jina la mdogo wake, Merina. Nimeitazama tu. Nimelegeza skrubu moja tu. Wiki hii Merina huenda asisomwe. Na swichi ina vibati sita.